Kozi ya uandishi wa wavuti, blogu na violesura kwa wiki 14: nipange vipi?

mpanga_ratiba

Wakuu, salaam. Nimekabidhiwa kozi ya uandishi wa wavuti, blogu na violesura vya kompyuta, mwaka wa pili wa stashahada. Wiki 14, saa 3 kwa wiki: saa 1 ya mhadhara na saa 2 za maabara. Wanafunzi 36, kompyuta 20. Wote wana simu za kisasa, ila waliowahi kugusa HTML (lugha ya alama inayojenga kurasa za wavuti) ni wa kuhesabu.

Rasimu yangu: wiki ya 1 hadi 5 uandishi, ya 6 hadi 9 blogu, ya 10 hadi 13 violesura, ya 14 mawasilisho. Kila mwanafunzi anaandika chapisho moja kila wiki, nami nasahihisha.

Maswali:

1. Mafungu haya matatu yana kasoro?
2. Waanze na HTML kwa mkono, au waingie WordPress (mfumo wa kuendeshea blogu na tovuti) moja kwa moja?
3. Usahihishaji utawezekana au utanimeza?
4. Majaribio ya kiolesura yanafanyikaje bila vifaa maalumu?

Nadharia ninayo ya kutosha. Nataka mambo ya kutenda, na pale panapoharibika.

kiungo_hai

Kasoro ipo kwenye mafungu yenyewe, mkuu. Ukiweka violesura mwishoni, mwanafunzi atagundua wiki ya 11 kwamba msomaji haoni alichokiandika wiki ya 3, na muda wa kurekebisha umekwisha. Maneno yaliyo kwenye kitufe ni uandishi. Kichwa kidogo cha chapisho ni kiolesura. Huwezi kuvitenganisha kwa wiki tano ukategemea wanafunzi wakuunganishie baadaye.

Fanya hivi: makundi 9 ya watu wanne. Kila kundi tovuti moja ndogo, kurasa 5 hadi 7, linakaa nayo muhula mzima. Machapisho ya blogu ya kila mwanakundi yanaingia humo humo. Jaribio la kwanza mbele ya msomaji lifanyike wiki ya 4, tovuti ikiwa bado mbovu. Ubovu huo ndio mtaji wa wiki zinazobaki.

Usiwaache wachague mada kama "maisha" au "burudani". Mada iwe na msomaji anayekuja na shida: kutafuta kitabu maktabani, kujisajili kwa muhula, kutunza betri ya kompyuta ya mkononi. Kundi likishindwa kutaja maswali matano ambayo msomaji wake anakuja nayo, mada hiyo haifai, wabadilishe siku hiyo hiyo.

Kuhusu uandishi wenyewe, utakutana na takwimu za Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya tovuti, za mwaka 1997: kati ya watu waliopimwa, asilimia 79 walipitisha macho tu juu ya kila ukurasa mpya, asilimia 16 walisoma neno kwa neno. Zifundishe, lakini zina mtego. Wanafunzi huzigeuza kuwa amri ya "andika kifupi". Mtu hupitisha macho ili apate mahali pa kusoma, na akipapata, anasoma, hata aya ndefu. Vivyo hivyo umbo la herufi F lililoonekana kwenye vipimo vya mwendo wa macho vya 2006: macho hufuata njia ile hasa pale ukurasa unapokosa vichwa vidogo vya kuyashika. Ni dalili ya ukurasa usio na alama za njia, wala si ramani ya kupanga maandishi. Kila muhula kuna mwanafunzi anayesukuma kila kitu upande wa kushoto "kwa sababu ya F".

Zoezi la wiki ya 1 linaloonyesha tofauti ya kufupisha na kuandikia wavuti. Wape hili:

"Wanafunzi wote mnataarifiwa kwamba zoezi la usajili kwa ajili ya muhula wa pili linatarajiwa kuanza rasmi siku ya Jumatatu tarehe 3 na kuhitimishwa siku ya Ijumaa tarehe 14, hivyo basi kila mmoja anasisitizwa kuzingatia muda uliopangwa ili kuepuka usumbufu unaoweza kujitokeza."

Anayefupisha tu ataleta: "Usajili wa muhula wa pili ni tarehe 3 hadi 14." Sawa, lakini muulize msomaji atafanya nini baada ya hapo. Hapo ndipo ataona kwamba tangazo lile refu halikusema usajili unafanyikia wapi, mtu aje na nini, wala "usumbufu" ni upi. Maneno arobaini na hakuna hata kimoja. Jibu zuri linakuwa na kichwa cha habari chenye tarehe, kisha mistari mitatu: pa kujisajilia, vya kuandaa, na kinachotokea ukichelewa. Linaweza hata kukaribia urefu wa lile la kwanza, na bado ni bora.

Viungo vishughulikiwe wiki hiyo hiyo. "Ili kusoma taratibu za maombi bofya hapa" iwe "Soma taratibu za maombi", na maneno yote hayo yawe kiungo. Sababu si urembo. Anayetumia kisoma skrini (programu inayowasomea wasioona kwa sauti) anaweza kuita orodha ya viungo vyote vya ukurasa peke yake, na akiambiwa "hapa, hapa, hapa, hapa" hana pa kwenda.

Historia isizidi nusu saa. Engelbart na kipanya chake mbele ya hadhira tarehe 9 Desemba 1968, Xerox Star 1981, Macintosh 1984. Kisha neno "weblog" 1997, likafupishwa kuwa "blog" 1999. Inatosha kuonyesha kwamba dirisha, ikoni na menyu ni maamuzi ya watu, na yangeweza kuwa mengine.

tagi_wazi

Najibu la 2. HTML kwa mkono, lakini wiki mbili tu (ya 2 na ya 3), na tagi 12 zisizozidi: html, head, title, meta, body, h1, h2, p, a, img, ul, li. CSS (kodi ya mitindo ya mwonekano) mistari kumi hivi. Huwaandai kuwa watengeneza tovuti. Unataka waelewe kwamba kichwa kidogo ni sehemu ya muundo wa ukurasa, si maandishi yaliyonenepeshwa. Aliyeanza na WordPress halijui hilo, na hana sababu ya kulijua, kwa kuwa machoni vyote vinafanana.

Makosa yatakayokula maabara yako, kwa mpangilio yanavyojitokeza:

Faili haifunguki kama ukurasa, inaonyesha kodi tupu. Notepad imeihifadhi kama index.html.txt, na Windows imeficha kiendelezi. Washa uonyeshaji wa viendelezi kwenye mashine zote kabla ya kipindi, itakuokolea nusu saa.

Picha inaonekana kwa mwenye kazi tu. Ameandika njia inayoanza na C: na jina lake la mtumiaji. Kivinjari cha mwingine hakina folda hiyo. Picha iwekwe ndani ya folda ya mradi na njia iandikwe kuanzia pale faili ilipo, kwa mfano picha/maktaba.jpg.

Picha ilikuwepo, imepotea baada ya kupandishwa kwenye seva. Faili inaitwa Maktaba.JPG, kodi inasema maktaba.jpg. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, na seva nyingi zinaendeshwa na Linux, ambayo inajali. Kanuni ya darasa: majina yote kwa herufi ndogo, bila nafasi, kistari kati ya maneno. Usikubali mjadala hapa.

Neno ng'ombe linageuka ngâ€™ombe. Hili wengi hawalitegemei, maana Kiswahili hakina herufi zenye alama juu. Lakini Word hubadilisha ile alama ya ng' kuwa ya mkunjo, na ukurasa usiotangaza UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi) unaweza kuisoma vibaya. Tiba ni meta charset ya utf-8 ndani ya head, tena juu kabisa, na faili lenyewe lihifadhiwe kwa UTF-8.

Kwenye simu maandishi ni madogo kama chawa. Meta ya viewport haipo. Bila width=device-width, kivinjari cha simu hujifanya kina upana wa pikseli 980 hivi kisha hubana kila kitu kiingie kwenye skrini.

Na kwenye tagi ya html waandike lang="sw". Wakiacha lang="en" walioinakili mahali, kisoma skrini kinaweza kusoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Ukiwa na sauti ya Kiswahili kwenye simu yoyote darasani, wasikilizishe aya moja kwa namna zote mbili. Hakuna atakayesahau.

Wiki ya 5 ndipo waingie WordPress. Huko matatizo ni mengine. Kichwa cha chapisho kwa kawaida tayari ni h1, kwa hiyo vichwa vidogo vianze h2. Wanafunzi huchagua h4 kwa kuwa "inapendeza ukubwa". Wakumbushe: kiwango kinafuata muundo, ukubwa unarekebishwa kwenye mtindo. Kubandika kutoka Word wafanye kwa Ctrl+Shift+V, la sivyo wanaweza kuingiza mitindo ya ajabu. Picha ya simu ina upana wa pikseli 4000 na uzito wa megabaiti kadhaa. Ipunguzwe hadi pikseli 1200, JPEG ya ubora wa 80 hivi, ilenge kilobaiti 200 au chini.

Madaraja ya watumiaji: ukiwapa Contributor, wataandika lakini hawataweza kupandisha picha wala kuchapisha, na utapokea malalamiko 36 kwa wakati mmoja. Wape Author.

mpanga_ratiba

Asanteni. Hiyo ya ng'ombe sikuitegemea kabisa.

Mkuu tagi_wazi, mashine ni 20 na watu ni 36. Hao wengine waandike HTML kwenye simu?

tagi_wazi

Hapana. Programu za kuandikia kodi kwenye simu zipo, ila kuifungua faili ya ndani ya simu pamoja na picha zake kwenye kivinjari ni usumbufu unaotofautiana simu hadi simu, na maabara itaishia hapo. Waweke wawili wawili: mashine 18, mbili za akiba. Mmoja anaandika, mwingine anaelekeza kwa mdomo, wabadilishane kila dakika 15. Weka kengele, usiwaachie wenyewe, maana anayejua kidogo zaidi hataachia kibodi.

Simu wazitumie kwa kazi ambayo kompyuta haiwezi: kufungua ukurasa ukiwa tayari uko kwenye seva, kwa data na si Wi-Fi. Hapo ndipo picha ya megabaiti 4 inajieleza yenyewe.

macho_ya_mtumiaji

La 4 ni langu. Vifaa unavyo: meza, kompyuta moja kwa kila kundi, karatasi, saa.

Kwanza hesabu. Makundi 9. Kila raundi kila kundi linamtoa mtu mmoja kuwa mjaribiwa kwenye kundi jingine, watatu wanabaki: msimamizi, mwandishi wa anachofanya mjaribiwa, na mwandishi wa anachosema pamoja na muda. Raundi ni dakika 15 za jaribio na 5 za kuhama. Raundi 5 ni dakika 100, unabaki na dakika 20 za kujumlisha. Raundi ya kwanza mjaribiwa anakwenda kundi linalofuata, ya pili anaruka moja, na kuendelea, hivyo kundi halikutani na mtu wa kundi lile lile mara mbili. Mwisho wa kipindi kila kundi limepimwa na watu 5.

Kwa nini 5? Nielsen na Landauer walikadiria kwamba mjaribiwa mmoja kwa wastani anafichua asilimia 31 ya matatizo. Kwa hesabu hiyo watano wanafikisha karibu asilimia 85. Ni wastani wa miradi fulani, si sheria ya maumbile, na inashika pale wajaribiwa wanapofanana na kazi zinapokuwa zile zile. Kilicho muhimu zaidi kwa wanafunzi ni hiki: watano, rekebisha, kisha watano wengine, ni bora kuliko kumi kwa mkupuo. Kwa hiyo jaribio la wiki ya 4 wajaribiwe wenyewe kwa wenyewe, na la wiki ya 9 waite watu wasiosoma kozi hii, kwa sababu wenzao wameshajua "kiungo kizuri" kinafananaje.

Kinachoharibu jaribio karibu kila mara ni maneno ya kazi. Mwanafunzi ataandika: "Bofya Mawasiliano uone namba ya simu." Ameshatoa jibu. Mjaribiwa anatafuta neno "Mawasiliano" kwa macho, analipata, na kundi linashangilia. Iandikwe kama shida: "Kitabu ulichoazima kimelowa maji. Ungependa kuuliza kabla ya kukirudisha. Onyesha ungefanyaje." Kanuni: neno lolote lililo kwenye menyu au kitufe lisionekane kwenye kazi. Kazi 3 kwa dakika 15 zinatosha.

La pili ni mdomo wa msimamizi. Mjaribiwa akikwama, msimamizi anaona aibu, anasema "jaribu pale juu". Jaribio limekufa. Wape sentensi tatu tu za kutumia: "Unatafuta nini sasa?", "Ulitegemea kitokee nini?", "Kama nisingekuwepo ungefanya nini?" Na mwanzoni aseme wazi kwamba kinachopimwa ni tovuti, si mtu.

La tatu ni daftari. Wataandika "alichanganyikiwa". Hilo ni hukumu. Waandike kilichoonekana: "alibofya Huduma, akarudi, akabofya Huduma tena, sekunde 40, akasema 'labda haipo'." Kutoka hapo utapata sababu. Kwenye "alichanganyikiwa" utapata ubishi tu.

Kupanga matatizo, tumia ngazi tatu: alishindwa kumaliza, alimaliza kwa tabu, alikerwa tu. Zidisha na idadi ya waliokwama. Kundi lirekebishe mambo matatu ya juu. Wakipewa uhuru watarekebisha rangi, kwa sababu rangi ni rahisi.

Tukiwa kwenye rangi: wiki ya 7 kipindi kizima kiende kwa mwongozo wa WCAG, wa kufanya tovuti zitumike pia na watu wenye ulemavu. Toleo la sasa ni 2.2 la Oktoba 2023. Usilisome lote. Chukua yanayopimika: utofautishaji wa rangi wa 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa makubwa. Shabaha ya kubofya isiyopungua pikseli 24 kwa 24, isipokuwa pale mwongozo unaporuhusu. Maelezo ya picha. Kila kitu kifikike kwa kibodi. Mfano mzuri wa darasani: kijivu #777777 juu ya nyeupe kinafeli kwa nywele, 4.48, ilhali #767676 kinapita kwa 4.54. Kwa jicho huwezi kuvitenganisha, na ndiyo maana tunapima badala ya kubishana. Kile kijivu hafifu #999999 wanachokipenda wabunifu hakifiki hata 3.

Jaribio la kibodi: chomoa kipanya, tembea ukurasa mzima kwa Tab, Shift+Tab na Enter. Ukipotea hujui uko wapi, mara nyingi kuna mtu ameandika outline: none kwenye CSS kwa sababu ule mstari "unachafua".

Maelezo ya picha: picha yenye habari ielezwe kwa alt, ya pambo iwe na alt tupu. Tupu na kutokuwepo ni vitu viwili. Isipokuwepo kabisa, kisoma skrini kinaweza kuanza kusoma jina la faili, IMG ishirini na kitu.

Wiki ya 9 ongeza dodoso la SUS la John Brooke, la kupima urahisi wa kutumia mfumo, kauli 10, majibu 1 hadi 5. Wengi hukosea hesabu. Kauli za witiri, jibu toa 1. Za shufwa, 5 toa jibu. Jumlisha, zidisha 2.5. Mfano: majibu 4, 2, 4, 1, 5, 2, 4, 2, 4, 3. Witiri zinatoa 3+3+4+3+3 = 16. Shufwa 3+4+3+3+2 = 15. Jumla 31, mara 2.5 ni 77.5. Si asilimia, hata kama inaishia 100. Wastani unaonukuliwa kwa kawaida ni 68. Mkilitafsiri dodoso, angalieni kauli za shufwa zibaki hasi. Mtafsiri mpole akizilainisha, hesabu yote inapinda.

kalamu_nyekundu

La 3. Itakumeza. Machapisho 36 kwa wiki 14 ni 504. Kwa dakika 8 kila moja ni saa 67, na wiki ya 6 utakuwa umeanza kuandika "vizuri" kila mahali.

Punguza hadi machapisho 5 kwa mwanafunzi, maneno 300 hadi 500, moja kila wiki ya pili kuanzia wiki ya 3. Unasahihisha kikamilifu 2 kwa kila mmoja: moja analichagua yeye, moja unaliokota wewe kwa kura baada ya yote kuingia. Hayo ni 72, kwa dakika 12 ni saa 14 na nusu hivi. Matatu yanayobaki ni kuangalia tu yapo na yametimiza masharti, dakika moja moja, chini ya saa 2. Kura ndiyo inayowafanya wasilegeze mengine.

Mgawanyo wa alama kwa 100: machapisho 30, tovuti ya kundi 25, ripoti mbili za majaribio 25, maoni kwa wenzao 10, zoezi la papo kwa papo maabara 10. Ripoti usizipunguze. Kundi lenye tovuti ya kawaida na ripoti inayoonyesha tatizo, sababu, rekebisho na matokeo limejifunza zaidi ya lile lenye tovuti ya kuvutia.

Chapisho, kwa 20:

- Sentensi mbili za kwanza zinajibu kile kichwa kilichoahidi: 5
- Vichwa vidogo vikisomwa peke yake vinaeleza habari: 4
- Madai ni sahihi na chanzo kimewekewa kiungo: 4
- Viungo vinaeleweka bila sentensi inayovizunguka: 3
- Picha, uzito na maelezo yake: 2
- Tahajia na sarufi: 2

Hicho kigezo cha pili kipime kwa kufunika maandishi mengine. "Utangulizi", "Maelezo", "Hitimisho" ni sifuri, kwa sababu vinafaa kwenye chapisho lolote duniani. "Joto kali huharibu betri mapema" inapata alama hata kabla hujasoma aya.

Maoni kwa wenzao bila masharti yatakuwa "Nimeipenda, hongera sana". Sharti: anukuu sentensi moja ya mwenzake, aseme ilimfanya afikiri au afanye nini, kisha aulize swali ambalo chapisho halikulijibu. Jibu la mwandishi liingie ndani ya chapisho, si chini ya maoni.

Kuhusu programu zinazotunga maandishi: kuzipiga marufuku bila njia ya kuhakiki ni kupoteza muda. Badala yake dai rasimu mbili na maelezo ya mabadiliko matatu yaliyotokana na jaribio au maoni. Maandishi ya mashine yanaweza kuwa laini, lakini hayajui kwamba mjaribiwa wa tatu alirudi nyuma mara mbili. Ukiwa na shaka, dakika mbili za mdomo: "Kwa nini kichwa hiki kimetangulia kile?"

haki_na_faragha

Nyongeza fupi kabla hujawasha tovuti.

Usilazimishe majina halisi. Jina la kalamu kwa umma, orodha ya majina halisi unabaki nayo wewe. Chapisho la mwanafunzi wa mwaka wa pili linaweza kujitokeza miaka kumi baadaye anapotafuta kazi.

Kile kisanduku cha WordPress cha kuziomba injini za utafutaji zisiorodheshe tovuti ni ombi, si kufuli. Mwenye anwani bado anaingia. Na mtu akiongeza robots.txt (faili la maelekezo kwa injini hizo) ya kuzuia kurasa hizo hizo, anaharibu: injini isiporuhusiwa kufungua ukurasa haitaiona noindex (alama ya "usiorodheshe") iliyo ndani yake, na anwani inaweza kuorodheshwa vilevile. Mkitaka siri ya kweli, wekeni nenosiri.

Picha "kutoka Google" si chanzo. Wafundishe vifupisho vinne vya leseni za Creative Commons: BY taja mwenye kazi, SA shirikisha kwa masharti yale yale, NC si kwa biashara, ND usibadilishe. ND huwanasa wengi, kwa kuwa wanachukua picha, wanaikata na kuiwekea maandishi juu, kisha wanaichapisha. Chini ya picha: jina la kazi, mwenyewe, chanzo, leseni. Na sura ya mtu inahitaji ruhusa yake hata kama mpiga picha ni wewe.

mpanga_ratiba

Basi rasimu mpya: wiki ya 1 kuandika upya matangazo na viungo, 2 na 3 HTML, 4 jaribio la kwanza, 5 na 6 WordPress na kuhamisha kurasa zilizorekebishwa, 7 WCAG, 8 marekebisho, 9 jaribio la pili kwa watu wa nje pamoja na SUS, 10 hadi 12 machapisho yaliyobaki na marekebisho, 13 kukaguana, 14 mawasilisho ya ripoti. Machapisho matano, mawili ya alama kamili.

Mawili yamebaki. SUS ya watu 5 ina maana yoyote? Na mwanakundi asiyefanya kitu nitamjuaje?

macho_ya_mtumiaji

SUS ya watu 5 inayumba, mtu mmoja mwenye hasira anaishusha. Waitumie kama swali: kundi likipata 52, warudi kwenye daftari kutafuta kilichosababisha. Wasiandike "tovuti yetu imeshinda ya kundi la 3 kwa alama 4". Ukiona sentensi hiyo kwenye ripoti, kata.

tagi_wazi

Mvivu utamwona kwenye historia ya marekebisho. WordPress inahifadhi kila toleo la chapisho na ukurasa, na jina la akaunti na muda. Ila historia hiyo ina maana pale tu kila mtu anapoingia kwa akaunti yake. Kundi likishirikiana akaunti moja, na watataka hivyo kwa sababu ya kusahau nywila, ushahidi wote unakuwa wa mtu mmoja.

Na hapa nijisahihishe. Nilisema uwape Author. Author anachapisha machapisho yake na kupandisha picha, lakini hawezi kuunda wala kuhariri kurasa, na tovuti za makundi ni kurasa. Wanahitaji Editor. Tatizo ni kwamba Editor anaweza kuhariri na kufuta kazi ya kila mtu kwenye tovuti hiyo, kwa hiyo usiyaweke makundi 9 kwenye tovuti moja. Mwombe msimamizi wa seva awashe Multisite, makundi 9 yapate tovuti 9 chini ya usakinishaji mmoja, na kila mwanafunzi awe Editor kwenye ya kundi lake tu. Liombe mapema, kabla ya wiki ya 5, kwa sababu linahitaji kuhariri wp-config.php, faili la mipangilio lililo kwenye seva, na mwanafunzi hawezi kulifanya akiwa ndani ya dashibodi.